Siku Mama Worokia Alipoanguka Mbele ya Benchi

Kijiwe chao katika mtaa wa Lafiabougou kiko mbele ya kibanda cha cherehani cha Fousseyni, ukingoni mwa mtaro, na wenyewe hawahitaji kualikwa. Yupo Buli, aliyeitwa hivyo kwa sababu birika la chai halimtoki mkononi tangu adhuhuri mpaka adhana ya magharibi. Yupo Redio, fundi pikipiki, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Na yupo Dokta Nusu, aliyesomea tabia za watu chuo kikuu kwa mwaka mmoja na nusu, kisha yeye na chuo wakachokana. Jumanne ile alasiri Fousseyni hakuwa na hamu ya chai. Jana yake Mama Worokia alikanyaga ubao uliooza juu ya mtaro, akaenda chini na beseni lake la nyanya, hatua sita tu kutoka walipoketi wote wanne. Hakuna aliyeinuka. Aliyemnyanyua ni muuza kondoo aliyekuwa akipita upande wa pili wa barabara. Na Mama Worokia si mpita njia kwa Fousseyni: ni mama yake Nassoun, binti ambaye Fousseyni alitarajia kumuoa kabla ya Ramadhani. Asubuhi hiyo Nassoun alifika kibandani, akakataa kukaa, akatoa ujumbe akiwa amesimama: mama amesema, mwanamume anayemtazama akiwa chini kama anatazama mpira, hampi binti yake.

— Sasa nifanyeje? Fousseyni aliuliza. Nimwambie nini yule mama?

— Mwambie ukweli wa kisayansi, alisema Dokta Nusu, akivuta kigoda chake karibu. Tulikuwa wengi mno.

— Wanne ndio wengi?

— Ndugu yangu, jukumu ni kama sukari. Itie kwenye birika moja, chai tamu. Imwage kisimani, nani ataionja? Ungekuwa peke yako hapa ungeruka kama umekalia kaa la moto. Tukiwa wanne, kila mmoja ana robo. Nani anainuka kwa robo?

— Kwa hiyo tungekuwa arobaini, alisema Buli, tungemwongezea teke?

— Usichekeshe elimu. Halafu kuna la pili. Mtu akiona jambo, kwanza anatazama wenzake. Mimi nilimtazama Buli, nikaona katulia kimya. Nikajiambia, basi si jambo kubwa.

— Mimi nilitulia? Buli aliweka birika chini. Mimi nilikuwa na chai ya moto mdomoni! Ulimi umeungua mpaka leo!

— Ala! Na mimi nilimtazama Dokta, alisema Redio.

— Na mimi nilimtazama Redio, Fousseyni alisema polepole.

Wakatazamana. Ikadhihirika kwamba wanaume watatu wazima walikuwa wametulizwa na mdomo mmoja uliokuwa ukiungua.

— Mimi sikubali, alisema Redio. Kosa ni la benchi. Benchi hili ni fupi. Ukikaa, magoti yanapanda juu, damu inashuka kwenye makalio, na akili inaifuata damu. Angalia viongozi wetu, tangu wakalie viti nani amesimama?

— Mtani, wewe akili yako ilizaliwa huko huko, Fousseyni alimjibu. Nyie ukoo wa Coulibaly mkishakula kunde, hata nyumba ikiungua mtasubiri zishuke tumboni.

— Afadhali mimi mla kunde nina mke. Wewe Keïta unaoa cherehani.

Wakacheka, hata Fousseyni, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Tangu jana kila akifumba macho alimwona Mama Worokia kakaa matopeni, kanga imelowa, akimtazama yeye. Si Buli, si Redio. Yeye.

— Sikiliza, Redio alishusha sauti. Mimi nimelala nikiwaza. Yule mama alianguka makusudi.

— Haiwezekani!

— Jaribio hilo! Mama mkwe anampima mkwe. Uliziona zile nyanya? Zilikuwa zimelainika. Nani anaangusha nyanya nzuri?

Fousseyni aliinua kichwa. Ikiwa alianguka makusudi, basi lawama si yake yote. Dokta Nusu akamnyooshea kidole.

— Unaona? Unaanza kuamini. Mtu akikosea, roho humwasha mpaka atafute hadithi ya kujikunia. Lakini nina dawa. Anguka na wewe.

— Nini?

— Mbele ya mlango wake. Unaanguka, anatoka, anakunyanyua. Mtu huanza kumpenda yule aliyemhurumia. Akishakuinua, mkono wake utauambia moyo wake: huyu ni wa kwetu.

— Na apige yowe, alisema Buli.

— Yowe la wastani. Hebu jaribu, tukuone.

Fousseyni alisimama. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini alisimama, ila tu kwamba wote watatu walikuwa wakimtazama. Akalegeza goti la kushoto.

— Hapana, hiyo ni rukuu, alisema Redio. Anguka kama mtu!

Alikuwa amelala chali vumbini, mkono mmoja juu, alipofika Hamadoun, fundi mwashi aliyehamia mtaani wiki ile. Alisalimia, akauliza kuna mgonjwa gani hapa. Wakamsimulia vyote, wote kwa pamoja: robo, chai ya moto, benchi, nyanya. Hamadoun alisikiliza hadi mwisho.

— Pole zake, alisema. Na mama mwenyewe, mguu wake leo unaendeleaje?

Dokta Nusu alimtazama Redio. Redio, mwenye kujua kila habari, alimtazama Buli. Buli alitazama makaa.

Fousseyni aliinuka, akajikung'uta mgongo, akavuka mtaro bila kuaga.

Alimkuta Mama Worokia uani, mguu juu ya kinu kilicholazwa, kifundo kimevimba kama embe. Nassoun alikuwa ametoka. Fousseyni alichuchumaa mbali kidogo.

— Mama, shikamoo. Jana... unajua, tulikuwa wanne...

— Najua kuhesabu, alisema. Mimi nilikuwa mmoja.

Fousseyni akayaacha maelezo yote yaliyopikwa kijiweni.

— Nilizubaa, Mama. Sina neno lingine. Kisha nikaona haya kuja. Nisamehe.

Mama Worokia alivuta ungo wa bamia. Alikaa akichambua bamia zake, moja, nyingine, hata Fousseyni akadhani ameshafukuzwa kimyakimya. Kisha akanyoosha mkono.

— Lete bega. Nataka kufika jikoni, na huyu binti haji.

Akamwegemea kwa uzito wake wote, naye hakuwa mwanamke mwembamba. Walivuka ua hatua kwa hatua, Fousseyni akitweta, mama akimwelekeza palipo na jiwe. Mlangoni pa jikoni akashika kizingiti, akamwachia bega.

— Ijumaa mjomba wako aje tuzungumze habari ya posa, alisema. Na aje peke yake. Nyie mkiwa wengi hamna faida.