Scolastika Aliyeuliza Nani Atatoka

Saa tisa alasiri ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, marehemu Scolastika binti Donatus alikuwa uani kwake Masumbwe akichambua choroko, huku mumewe, Mwalimu Theonest, akimsomea gazeti juu ya askari wa Umoja wa Mataifa waliowekwa Suez kutenganisha majeshi. Aliuliza kama mwenyeji akiwafukuza watabaki, mumewe akasema gazeti halikuandika, naye marehemu akaendelea na choroko.

Marehemu alizaliwa hapa Masumbwe tarehe 3 Juni 1922, akasoma kwa masista hadi mwaka 1937, na kuanzia Januari 1940 akahudumu katika zahanati ya mgodi huko Geita, ambako mwaka 1944 alipata habari kwamba kaka yake Nkwabi amefia vitani Burma. Tarehe 14 Aprili 1945 alifunga ndoa Shinyanga na Mwalimu Theonest, aliyekuwa amerudi kutoka Makerere, wakajaliwa Eufrasia, Cornel na Ignas.

Mwalimu hufundisha historia, na kila somo alilijaribu kwanza kwa mkewe. Alipomweleza lile Shirikisho la Mataifa la zamani, ambamo nchi zote ziliahidi kumtetea atakayeshambuliwa, marehemu alisema hilo ni yowe tu, mwano wetu, ambao ukipigwa kila nyumba hutoa mtu, na isiyotoa hutozwa faini. Alipoambiwa kwamba mwaka 1935 Habeshi ililia na hawakutoka, aliuliza walitozwa faini gani. Baadaye alielezwa juu ya Baraza la Usalama, ambalo mkubwa mmoja kati ya watano akikataa hakuna anayetoka, kisha, mwaka 1949, kwamba pande mbili zina bomu lile lile la atomiki na usalama sasa ni kuogopana. Jioni ya siku alipoelezwa hilo alihesabu watoto mara mbili kabla ya kufunga mlango.

Mwaka huo huo Mwalimu alisamehewa kuitikia yowe kwa sababu ya kazi ya shule, na kwa miaka minane hakutoka hata mara moja.

Saa kumi ya Jumamosi hiyo marehemu, mwenye mimba ya miezi saba, alianza kutoka damu. Mwalimu alimtuma mtu kwa baiskeli kuomba gari, akarudi na ahadi, wakangoja.

“Baba Eufrasia, piga yowe.”

Akajibu gari linakuja.

“Unaogopa hawatatoka.”

Kweli aliogopa, maana yeye hakuwahi kuwatokea. Alipiga yowe saa kumi na moja na nusu, wakatoka watu thelathini na mmoja, wakambeba kwa kitanda kuelekea zahanati wakipokezana, lakini alifariki njiani saa kumi na mbili na robo. Mganga wa zahanati alisema ile saa moja na nusu ya kungoja gari ingetosha kumwokoa.

Familia inamshukuru mganga huyo, walimu wenzake na Mwalimu, na majirani wote thelathini na mmoja, ambao hakuna aliyeuliza neno. Scolastika, pumzika, hapa tupo.

Jumapili asubuhi yowe lilisikika upande wa kisimani, fisi alikuwa amekamata ndama. Jirani yetu Mzee Mabula alimwambia Mwalimu kwamba mfiwa hatoki matangani, arudi akae na watoto. Mwalimu aliomba fimbo, akatoka.