Kumuaga Mama Meena wa Mferejini

Mheshimiwa Diwani Walter Nyamongo, Mzee Zachariah wa kanisa letu, wageni waalikwa, akina mama wenzangu wa mtaa wa Mferejini, na nyinyi watoto mliokaa juu ya ukuta, shukeni kwanza ndipo niwasalimu. Hamjambo?

Mimi ni Bathsheba, jirani wa Mama Meena tangu mwaka wa sitini na mbili. Nimeombwa nimuage, kwa kuwa leo mwanawe Indravadan anamchukua kwenda kuishi Nairobi. Mume wake, marehemu Bwana Bipin, alitutoka mwaka jana, na duka lao la vitambaa pamoja na nyumba vimeshapata mwenyewe mwingine.

Mheshimiwa, wewe umehamia juzi, kwa hivyo nikueleze mtaa huu. Tulipokuja hapakuwa na cha kujivunia ila mfereji mmoja wa maji, ndio uliotupa jina. Lakini ni nani hapa hakupata rafiki kwenye foleni ya madebe? Mvua ya alasiri ikianza, aliye karibu anaanua nguo za kamba nzima, haulizi ni za nani. Mtoto akikutwa kwako saa ya chakula, anakula kwako. Huyu Indravadan alikuwa akimaliza chinsaga yangu, mboga chungu vile, mpaka nikawa naficha sufuria.

Mwaka ule wa kwanza, siku ya soko, mtoto aliyepotea aliingia dukani akilia, "Baba! Baba!" Bwana Bipin, Kiswahili chake kikiwa safi, akafunga duka akamshika mkono, akawa anauliza kila mwanamume njiani, "Huyu ni wako?" Alimuuliza hata Mzee Zachariah, mbele ya mkewe. Mzee anacheka sasa, siku ile hakucheka. Maskini Bwana Bipin, nani angemwambia kwamba kwa Kikisii chetu "baba" ni mama? Ni Meena aliyemwambia, "Lugha siijui, lakini kilio hiki ni cha kutaka mama." Akambeba mpaka mferejini, walikokuwa wanawake. Mtoto alikuwa Bitutu wangu, nami nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye matope nikimwomba Mungu anirudishie. Tangu hapo watoto wa mtaa wanamwita Meena "baba", naye anaitika.

Sasa, Indravadan mwanangu, nisikilize bila kukasirika. Wewe ni mtoto mwema, na mtaa mzima unajua. Lakini juzi mama yako alikaa jikoni kwangu tukichambua mboga, akalia. Hataki kwenda. Hajakuambia kwa sababu anaogopa utadhani anakataa mapenzi yako. Hakunituma niseme. Meena, usinitazame hivyo, nimeshasema.

Bitutu ameolewa, na chumba chake kiko wazi. Jiko la nje litakuwa la mama yako peke yake, na kwa kuwa yeye hali nyama, nyama haitalikaribia. Nairobi atakuwa na wewe jioni, nakubali. Mchana je, ataongea na nani? Mimi pia nitaumia akienda, sifichi.

Mheshimiwa, ndugu zangu, nashukuru mmenipa masikio yenu. Maneno ya kuaga niliyoandikiwa yako mfukoni, na yatabaki humo. Indravadan, mizigo ya mama yako iko barazani kwangu. Simama, mwanangu, utuambie kama inapanda gari ama inaingia ndani.