Uso wa Taa Mlangoni

Mheshimiwa mgeni rasmi. Baba Mchungaji, uliyetupa ukumbi huu wa usharika. Walimu na wanafunzi. Ndugu wageni mliotoka Himo na Sanya Juu. Nawe shangazi yangu Eliaichi: shikamooni.

Nimehangaika na swali moja kwa miaka mingi, na leo nafungua maonyesho haya bila jibu lake. Mtu akiipenda bahari kwa sababu isiyo ya kweli, je, nimsahihishe?

Picha mliyokutana nayo mlangoni ni ya taa. Kwetu sisi wa mlimani neno hilo huwasha balbu kwanza. Namaanisha yule samaki bapa, mwenye mkia kama mjeledi, ambaye hapa Moshi tunamjua akiwa amekaushwa kwa chumvi. Nilimpiga picha Tanga, nikiwa chini ya maji, akipita juu yangu. Ukimtazama kutoka chini, ana macho mawili na mdomo unaotabasamu.

Shangazi ameuza samaki wakavu sokoni Kiboriloni tangu nikiwa darasa la kwanza. Sare zangu za shule zilinuka taa. Nilipompelekea picha hii alisema, "Kumbe ana sura! Mwanangu, ananichekea hivi, na mimi namkatakata?" Wiki hiyohiyo akaacha kumuuza.

Nilifurahi, maana taa wanazidi kupungua baharini. Kisha mtafiti aliye ndani yangu akakosa amani, nikamwambia, "Shangazi, hayo si macho, ni pua. Macho yake yapo juu, upande wa mgongo. Wala hacheki, mdomo wake ndivyo ulivyo."

"Basi amenichekea kwa pua," akanijibu. "Si wewe uliyeniletea?"

Tangu hapo meza yake imebaki na dagaa tu, na mauzo yamedorora. Wateja wanampita wakimtania, "Mama Godbless, tupimie picha nusu kilo!" halafu wananunua taa kwa Kornel, meza ya jirani. Mzigo wa taa unaokuja kwa basi kutoka Tanga haujapungua. Nimemwokoa nani, basi? Takwimu zangu za uvuvi wa taa haziwezi kuiona meza moja. Lakini ni nani aliyewahi kuweka kisu chini kwa sababu ya takwimu? Ripoti yangu ya utafiti, pamoja na majedwali yake yote, shangazi aliitumia kufungia dagaa.

Jana, tulipokuwa tukitundika picha, nilitaka kuchora mshale na kuandika: pua. Shangazi akanishika mkono. "Ukiandika hivyo," akasema, "mimi nimepoteza wateja kwa ajili ya pua?"

Ndiyo maana kibao kilicho chini ya picha hakina neno. Nikikijaza, huenda nikamnyang'anya sababu yake. Nikikiacha, nawafundisha wanafunzi hawa kosa ninalolijua. Nimewaeleza kwa mdomo, wala sijui kama huo ni ujasiri au ni kukwepa. Sijaamua, kwa sababu kila ninapokikaribia kibao kile namkumbuka mtu ambaye picha yangu imemgharimu kuliko ilivyonigharimu mimi niliyeipiga.

Shangazi, aika, asante sana. Mgeni rasmi, Baba Mchungaji na ninyi nyote, nashukuru kwa kunivumilia nikiwaza kwa sauti mbele yenu. Mkitoka mtapita tena mlangoni. Yule taa akiwachekea, mcheke naye. Mimi nitakuwa bado natazama pua.

Asanteni kwa kunisikiliza.