Bu Kustinah na Sharti la Pak Kasmuri

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bu Kustinah anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya samani za henzirani, hapa Cirebon, kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa karani wa kupokea mizigo. Anatoka akiwa mkuu wa ununuzi. Katikati alizaa mapacha, na alikataa katakata kuhamia ofisi yenye kiyoyozi kwa sababu dirisha lake halikutazama geti.

Yaliyobaki katika wasifu huu, kwa bahati mbaya, yanatuhusu sisi wakubwa wa kampuni.

Wengi wenu mliajiriwa baadaye, kwa hiyo nieleze. Oda za nje zilipopungua tuliacha kuwalipa waliotuuzia malighafi, ila hatukuacha kujionyesha. Pak Kasmuri, muuza henzirani aliyetudai kuliko mtu yeyote, alipomwoza binti yake, Mkurugenzi wetu Pak Hendarto aliagiza ubao wa maua wa pongezi wenye jina la kampuni, mkubwa kuliko mbao zote zilizopangwa barabarani nje ya harusi.

"Pak, safari hii tupeleke bahasha tu," Bu Kustinah alimwambia.

"Tusipoonekana, watasema hatuna hela."

"Lakini hatuna, Pak."

Ubao ulipelekwa. Wageni wengi walikuwa watu wa biashara yetu: wa gundi, wa vanishi, wa misumari. Walikula wali mbele ya jina letu, wakaulizana, wakagundua kwamba kila mmoja alidhani ni yeye peke yake asiyelipwa. Sheria ya nchi yetu inataka wadai wasiopungua wawili ndipo kampuni ishtakiwe kwa kushindwa kulipa. Pak Kasmuri alikuwa wa kwanza. Wa pili, naona haya kuandika, alikuwa Bu Rokayah muuza maua. Ubao nao tuliuchukua kwa mkopo.

Mahakama ya biashara kule Jakarta ilitupa muda wa kupatana. Utaratibu ni huu: kampuni hupendekeza namna ya kulipa, wadai hupiga kura. Wakikubali, kazi inaendelea. Wakikataa, kampuni inatangazwa muflisi, geti linafungwa, na wafanyakazi wote wanarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tuliajiri mawakili. Waliandika pendekezo nene ambalo mimi, mhasibu mkuu, nililisoma mara mbili na kusinzia mara zote mbili.

Bu Kustinah alipanda pikipiki yake akaenda nyumbani kwa kila mdai. Hakupeleka ahadi. Aliketi, akasemwa mpaka wakachoka, ndipo akaaga. Kwa Pak Kasmuri alikwenda na Pak Hendarto, akamwonya mlangoni: "Sema samahani, Pak, kisha nyamaza. Ukianza kueleza, nitakukanyaga."

Mkurugenzi alirudi akichechemea.

Siku ya kura tulijua kwamba Pak Kasmuri akikataa, tumekwisha. Alisimama, akaitazama meza yetu.

"Hawa wenye tai siwaamini," alisema. "Nakubali kwa sharti moja. Malipo yapitie mikononi mwa Bu Kus, na asistaafu mpaka wa mwisho wetu alipwe."

Hakuna kati yetu aliyemuuliza Bu Kustinah kama ameridhia. Alijibu mwenyewe.

"Sawa, Pak. Lakini mume wangu utamweleza wewe."

Umri wake wa kustaafu ulifika, ukapita. Kila mwezi aligonga mlango wangu kudai fedha za wadai kama mwenye nyumba anayefuata kodi yake, na kila mwezi nilitafuta pa kujificha. Mwezi uliopita muuza gundi, wa mwisho, alimaliziwa deni lake. Pak Kasmuri akapiga simu.

"Hongera, Bu Kus. Sasa mimi nimgombeze nani?"

Bu Kustinah hakumtajia jina la yeyote kati yetu. Nadhani ni huruma.

Bu Kustinah, asante. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana, na simu isiyolia. Sisi tumeapa kulipa kwa wakati. Ukisikia vinginevyo, tafadhali usirudi. Sasa ni zamu yetu kusemwa.