Jemedari wa Fundi Beatus

Kijiwe chetu kiko Viwanja Sitini, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na pumba zinaruka mpaka zinatua ndani ya vikombe. Rabia ndiye anayemimina kahawa, na ndiye anayeamua nani kavuka mipaka. Wenye ubao ni Mzee Kassian, tunayemwita Miwa kwa kuwa alikata miwa Kidatu nusu ya umri wake. Nickolaus wa bodaboda, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Na mimi, nauza vocha na kusikiliza. Siku zile mada ilikuwa moja tu. Beatus, fundi wa mashine za kukoboa, alikuwa amezungusha turubai nyuma ya karakana yake, na kila kukicha anaingiza humo vyuma chakavu visivyo na undugu.

— Jana kaingiza grili ya trekta, bomba la kupulizia dawa na springi mbili za pikipiki, — alisema Redio. — Na springi zenyewe hazifanani!

— Mtambo wa kufukuza kwelea kwelea huo, — alisema Miwa. — Ukiwashwa hapa, ndege wote wanahamia Malinyi.

— Kwelea kwelea gani anaogopa springi, mzee? Ile ni ndege isiyo na rubani. Barabara ya Masagati ikikatika masika, yeye anapeleka mizigo kwa juu.

— Na lile pipa la mafuta aliloingiza juzi je?

— Pipa ndiyo tumbo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Inahusiana vipi?

— Tumbo linakula, mzee. Tafakari.

— Nyie ongeeni tu, — alisema Rabia. — Mimi nimepita nyuma, nimeona mguu.

— Mguu wa nani?

— Wa chuma. Una goti, na linakunjika.

Miwa akatua kikombe.

— Basi nimeelewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu mwenzetu kajijua si msikivu, anatengeneza la akiba.

Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia guta linasukumwa. Beatus alikuwa mbele, wanaume watatu nyuma, na juu ya guta kitu kirefu kimefunikwa turubai. Wakakishusha mbele ya ubao, wakakisimamisha. Beatus hakutusalimia hata. Akavuta turubai.

Aisee.

Alikuwa mtu wa chuma, ananipita mimi kwa kichwa kizima. Kifua chake kilikuwa grili ya trekta, tumbo pipa, shingo springi, masikio vifuniko vya sufuria. Vidole vilikuwa vya minyororo ya baiskeli. Mkono wa kulia ulikuwa mnene, bomba la mashine ya kukoboa. Wa kushoto mwembamba, mfupi, lile bomba la dawa. Katikati ya uso, jicho moja tu: taa ya Landrova ya zamani.

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, halikutoka neno. Miwa alisimama taratibu akavua kofia.

— Jemedari, — alisema kwa sauti ndogo. — Huyu ni Jemedari.

Hapo na mimi nikamtambua. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu, hapa mtaani palikuwa na kibanda cha video cha Mzee Hilari. Filamu zilikuwa za kigeni, hatuelewi hata neno, lakini Hilari alikuwa anasimama kando ya runinga na kipaza sauti anatusimulia kwa Kiswahili. Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Jemedari, mlinzi wa chuma aliyeachwa peke yake mji ulipokimbiwa na watu, akaamua kuwafuata porini awarudishe. Kanda yake tuliiangalia mpaka ikalika.

Halafu presha ya macho ikamchukua Hilari uoni wake. Tangu hapo alikuwa anakaa chumbani, ameelekea ukutani. Mkewe, Mama Apolonia, alituambia ndani ya nyumba ile siku inaweza kuisha mzee hajasema kitu zaidi ya kuomba maji.

— Nimempelekea ujumbe Mama Apolonia, — alisema Beatus. — Anamleta.

Redio akapata sauti yake.

— Lakini fundi, mzee haoni! Kazi yote hii?

— Mikono anayo, — alisema Beatus, anajifuta ya kwake kwa tambara.

Wakaja, mama ameshika kiwiko, mzee anaburuta kandambili. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja. Marahaba yake ilikuwa ndogo, kama ya mgonjwa. Mama Apolonia akauinua mkono wake, akauweka juu ya grili.

Hilari hakutikisika. Kisha vidole vikaanza kutembea. Vikapanda shingoni, vikabonyeza springi, vikagusa masikio. Hata mashine ya kukoboa ilikuwa imezimwa. Waendeshaji walikuwa wametoka mlangoni, weupe kwa vumbi.

Mkono ukafika bega la kushoto, ukateremka, ukakomea kabla ya mahali pake.

— Huu mfupi, — alisema Hilari.

— Nilikosa bomba la kulingana, mzee wangu. Unisamehe.

— Nikusamehe nini? Ndivyo ulivyokuwa! Ulikatika alipoinua lango la mji.

Miwa aliniegemea sikioni.

— Mbona mimi nakumbuka mikono ilikuwa sawa?

Rabia akamkata jicho, Miwa akafunga mdomo.

Beatus aliunganisha nyaya kwenye betri. Jicho likawaka, na sote tukawa wa njano. Hilari hakuona kitu. Lakini mama aliusogeza mkono wake mpaka kwenye kioo, na joto la balbu likamjaa kiganjani. Mzee akavuta pumzi ndefu. Mgongo ukanyooka. Na ile sauti, ile yenyewe ya kibandani, ikatoka kama haijawahi kuondoka:

— Mabibi na mabwana! Mji mzima kimya! Hakuna jogoo, hakuna mtoto! Jemedari anageuza shingo, krrr, anauliza: watu wangu wako wapi?

Bodaboda zilisimama. Wanunuzi wa mchele waliacha mizani. Mama Apolonia alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yanacheka, macho yanalia. Jemedari akapita msitu, akapigana na moto, akamkuta bibi mmoja aliyesahaulika, akambeba begani mpaka ukingo wa mto uliojaa ukungu.

Hapo mzee alitulia ameze kahawa. Pembeni yangu alikuwa amesimama mfugaji mmoja, Kija, aliyekuja mjini kununua dawa ya ng'ombe.

— Samahani, wazee, — alisema kwa adabu. — Hao watu wa kwenye filamu walikuwa wanaongea lugha gani?

— Kichina, — alisema Miwa.

— Kihindi, — alisema Redio.

— Kirusi, — alisema mmoja wa wale waendeshaji wa mashine.

Tukatazamana. Kisha wote, na Beatus mwenye grisi mpaka viwikoni, tukamgeukia Mzee Hilari. Alikuwa amesimama palepale, kiganja bado kiko kwenye lile jicho.

— Aliyeuliza ni nani?

— Kija, mzee.

— Kija, umesimama au umekaa?

— Nimesimama.

— Kaa. Bado hajavuka mto.

Tukasogeana. Kija akalaza fimbo yake chini, akaketi.