Posa Iliyoishia Getini

Kijiwe chetu kiko Sakina, pembeni ya barabara ya Nairobi, katikati ya gereji ya pikipiki na kibanda changu cha cherehani. Tunakalia kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, na Dada Magreth anatumiminia kahawa mpaka birika likauke. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi, Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka mabegani, na mimi nilikuwa nimenuna. Mbele yangu ilisimama skuta yangu, ina vumbi mpaka kwenye vioo, na honi yake imekauka sauti kama mwanakwaya aliyetoka mkesha. Jumamosi iliyopita niliwaazima wenzangu waende nayo Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, kumposea Godbless mchumba. Ilikwenda skuta, mimi nikabaki nashona sare za kwaya. Na posa yenyewe ilirudi bila kuvuka geti.

Wahusika walikuwepo wote. Hans ni dereva bodaboda, tunamwita Kilomita, maana hawezi kukusimulia hata msiba bila kukutajia umbali. Simel naye ni bodaboda, jina lake hapa ni Tanki, kwa sababu pikipiki yake haijawahi kumaliza safari na mafuta iliyoanza nayo. Mzee Kaanaeli ni Mwanasheria. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, na tangu siku hiyo anaongea kama hakimu. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga, na ndiye aliyeendesha skuta yangu. Godbless alikaa pembeni kabisa, simu mkononi. Wiki hii hatumwiti jina la utani, tunamwonea huruma.

Mimi: Nauliza tena. Honi yangu imefanywa nini?

Kilomita: Fundi, mwenzio kakosa mke, wewe unalilia honi?

Mwanasheria: Mwacheni. Mkono mtupu haulambwi.

Hatukumwuliza methali hiyo inahusiana na nini. Tumeshamzoea.

Pale pale bodaboda mmoja akasimama barabarani. Hakuzima injini, hakushuka, alipiga honi mara mbili tu, na Dada Magreth akampelekea kikombe. Sakina ndivyo tunavyoishi. Abiria anaitwa kwa honi, kahawa inaagizwa kwa honi, na mtu akikupita bila kukupigia honi unajua amekununia.

Mwanasheria: Tuanze upya, kwa ushahidi. Msafara ulikuwaje?

Kilomita: Ulikuwa msafara wa heshima, mzee wangu. Pikipiki tano, skuta mbili. Skuta mbele, ili wenye spidi wasiwaache wazee. Tukapita Ngaramtoni, tukafika Oldonyo Sambu, tukaacha lami. Toka hapa mpaka pale ni kilomita...

Tanki: Hapo ndipo nikaishiwa mafuta.

Kilomita: Tukamnyonyea mafuta kwenye pikipiki yangu, tukaendelea mpaka yakamwishia tena. Vumbi kinoma. Dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, likatikisika mpaka likaanza kupumua, mfuniko ukaruka, povu likammwagikia Godbless mgongoni.

Mimi: Kwenye suti niliyoishona mimi?

Godbless: Niliifuta, fundi. Tulisimama mtoni, tukanawa wote. Tulifika wasafi.

Kilomita: Wasafi kabisa! Tukajipanga getini mstari mmoja. Mwanasheria akapiga honi, nasi tukamwitikia. Kimya. Tukapiga tena. Pazia likatikisika, lakini mtu hatoki. Na ndani kunanukia ndizi nyama, aisee!

Tanki: Mimi harufu ile bado ninayo puani.

Mwanasheria: Na mimi nina hotuba yangu kichwani. Wiki mbili nzima nimeifanyia mazoezi mbele ya mke wangu, mpaka naye anaijua. Nilikuwa nangoja tu mtu atokee.

Kilomita: Saa nzima tunapiga honi. Mwisho tukageuza kupitia Usa River, na mbege tukainywa wenyewe. Kwa majonzi lakini.

Godbless hakucheka. Alinyoosha simu yake tuione, ingawa kila mmoja wetu alikuwa ameshaiona tangu jana.

Godbless: Anneth wangu hapokei simu. Ameniandikia neno moja tu. "Tuliwasubiri."

Kila mtu akanywa kahawa yake. Ni neno gumu lile. Mtu amekusubiri vipi, na wewe ulikuwa umesimama getini kwake saa nzima?

Tanki: Mimi nawaambia ni dharau. Walisubiri magari. Wakachungulia, wakaona pikipiki, tena moja inavutwa kwa kamba.

Kilomita: Nani aliivuta kwa kamba? Si ya kwako hiyo!

Tanki: Sijataja jina la mtu.

Kilomita: Sikilizeni. Siku hizi msafara wa pikipiki ukija kijijini unapiga honi, watu wanajua ni mgombea. Walidhani ni kampeni. Wakajifungia wasije wakapewa ahadi.

Mwanasheria: Inawezekana. Lakini kisheria kuna jambo jingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake nini? Kwamba mwenyeji alikuwa mgonjwa. Nyumba nzima! Hawakuweza kuinuka kitandani.

Mimi: Na ndizi nyama alipika nani?

Mwanasheria: Hilo halijathibitishwa.

Tanki: Ninyi hamuujui mlima. Ule ni volkano, umelala tu. Upande wa kule ukipumua, watu wanasinzia mchana kweupe. Wale walikuwa wamelala wameketi, wamevaa kabisa nguo za wageni.

Kilomita: Na pazia lilitikiswa na nani?

Tanki: Na pumzi ya mlima. Si nimeshakwambia?

Godbless aliweka kikombe chini. Ni kijana mpole, akiongea kwa nguvu ujue ameumia.

Godbless: Mimi nampenda Anneth. Baba yake alimwambia wazi, huyo kijana akija kwa heshima nitamsikiliza, akinidharau mara moja hatanirudia. Sasa amedharauliwa, na mimi hata sijui tulimdharau wapi! Nitaomba msamaha wa kitu gani?

Hapo hata mimi niliisahau honi yangu.

Mwanasheria: Usikate tamaa, mwanangu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tulipokuwa bado tunaitafuta maana yake, akaja mama mmoja mtu mzima, amebeba tenga tupu na khanga mabegani. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye kiti.

— Hodi wenyewe.

— Karibu mama. Shikamoo.

— Marahaba wanangu. Naombeni nipumzishe miguu. Nimetoka soko la Ngaramtoni kuuza nyanya, nangoja usafiri wa kunirudisha kwetu Ngarenanyuki.

Kusikia Ngarenanyuki, vichwa vyote viligeuka. Tanki akampisha nafasi, Dada Magreth akampa kahawa, na Kilomita akaanza kumsimulia safari yote upya, na kilomita zake zote. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Alinywa taratibu. Alipofikishwa getini, kwenye honi, kimya na pazia, akashusha kikombe.

— Mlipiga hodi?

Tanki akaangalia viatu vyake. Mimi nikaiangalia honi ya skuta yangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ilikaukia wapi sauti.

Mama: Nauliza tu. Mlishuka mkapiga hodi?

Wote tukamgeukia Mwanasheria, maana mwenye kuipiga ni mshenga. Mzee wa watu alikuwa anasugua magoti. Methali zote zilikuwa zimemkimbia.

Mama: Kwetu siku ya posa mwenye binti hatoki nje. Hata akiwaona dirishani anakaa, chakula kiko mezani. Akitoka kabla ya hodi, majirani watasema anamtupa mtoto wake. Na honi za pikipiki kwetu ni za wanunuzi wa nyanya. Zinalia kila siku, nani atazitokea?

Godbless aliangalia simu yake. "Tuliwasubiri." Aliisoma kwa midomo, bila sauti, kisha akaanza kuandika. Aliandika neno moja tu, na Kilomita aliyekuwa amemwegemea begani akatusomea.

— Ameandika "Hodi."

Tukangoja. Dada Magreth akainamisha birika, yakatoka machicha. Barabarani bodaboda mwingine akasimama, akapiga honi mbili kuagiza kahawa. Dada Magreth hakugeuka.

— Shuka uje useme! Na kahawa yenyewe imekwisha.

Simu ikatetemeka. Godbless aliisoma, akampa Mwanasheria. Mzee akavaa miwani, akasimama kama yuko mahakamani, lakini sauti ilimtoka ndogo.

— "Karibuni. Baba anasema Jumamosi, na mje na yule mzee wa mbele."

Kilomita na Tanki walimrukia Godbless, nusura waangushe kiti cha basi. Mama wa Ngarenanyuki akacheka kidogo, akaokota tenga lake, akaaga vizuri na kwenda kusimamisha gari. Mwanasheria alibaki amesimama mbele ya kibanda changu. Hakuingia. Aligonga mbao za mlango kwa vidole.

— Hodi, fundi.

— Karibu, mzee.

— Nilikuwa naomba tena skuta kwa Jumamosi. Safari hii nitashuka, nakuapia. Na hiyo honi naipeleka hapo gereji leo leo, wakutengenezee.

Nikachomoa ufunguo mfukoni nikamkabidhi.

— Skuta chukua, mzee wangu. Honi iache hivyo hivyo.