Mwalimu Raheli Tweve, Kitabu cha Kanga na Siku ya Chapati za Maji

Mchungaji, mashehe wetu, wafiwa, majirani wa Mikindani, walimu, wafanyakazi wa bandari, ndugu mliosafiri kutoka Makete mkashuka na makoti yenu katika joto hili, na ninyi watoto wa darasa la awali mliokaa mkekani hapa mbele, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, poleni sana. Familia imeagiza historia hii isomwe polepole na bila vichekesho, nami ndugu yake niliyepewa kuisoma nimelipokea agizo, lakini marehemu aliishi maisha ambayo ukiyasema kama yalivyokuwa mtu hucheka bila kuomba ruhusa ya familia, kwa hiyo atakayecheka acheke kwa staha, na ninyi watani, leo mmetulia kupita kawaida, na utulivu wenu unatutia wasiwasi kuliko fujo zenu.

Mwalimu Raheli Danieli Tweve alizaliwa tarehe 14 Mei 1974, katika kijiji cha Bulongwa, wilaya ya Makete, wakati ule ikiwa mkoa wa Iringa na sasa Njombe, akiwa mtoto wa nne wa mzee Danieli Tweve na mama Maria, ambao wote wametangulia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitoka tumboni amekunja uso kama mtu aliyeacha jiko linawaka, kwamba kabla hajatembea alitambaa kwenda kuhakiki kama mlango umefungwa, na alipoanza kusema, maneno yaliyomkaa mdomoni yalikuwa mawili tu, "na kama", na kama mvua itanyesha, na kama kuni zitaisha, na kama baba hatarudi, akawa anauliza mpaka wenye nyumba wanaacha kula wanakwenda kutazama kuni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 hapo hapo Bulongwa, akamaliza la saba mwaka 1988, akasoma sekondari Njombe kuanzia 1989 hadi 1992, na mwaka 1993 akachaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu hapa Mtwara, mji ambao hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuuona, akasafiri kwa njia ya Songea, Tunduru na Masasi ya miaka ile, ambayo basi lilikuwa likisukumwa na abiria kuliko abiria walivyobebwa na basi, akafika na blanketi mbili za sufu, kwa sababu alikuwa ameambiwa pwani kuna upepo. Blanketi hizo zipo mpaka leo, hazijawahi kutandikwa, ila hakukubali zitolewe, maana na kama siku moja baridi itakuja.

Tarehe 1 Machi 1996 aliajiriwa kuwa mwalimu huko Nanyamba, akafundisha katikati ya mikorosho, mwaka 2003 akahamishiwa Msimbati, na tarehe 12 Januari 2009 akaja hapa Mikindani kushika darasa la awali, ambalo hakuliacha tena mpaka Mungu alipomwita. Huko nyuma, tarehe 19 Juni 1999, alifunga ndoa takatifu na Bwana Paulo Nambunga, mwenyeji wa Masasi, karani wa bandari, baada ya uchumba mrefu ambao bwana harusi aliulizwa "na kama" nyingi kuliko shahidi mahakamani, akazijibu zote kwa uvumilivu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Goodluck, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 2001, na Irene, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 2005.

Sasa tufike kwenye jambo lililowaleta hapa nusu ya waombolezaji, nalo ni chapati za maji. Mwalimu Raheli aliona kwamba kila mwaka, siku ya mwisho kabla ya Ramadhani, watu wa hapa huvunja jungu, watu wazima hupika, hula na hujifurahisha kabla ya mfungo, na darasa lake siku hiyo hubaki na mahudhurio ya kusikitisha, na yeye, badala ya kugombana na wazazi, mwaka 2010 akaamua kulivunja jungu lenyewe darasani. Akashona kitabu cha picha kwa vipande vya kanga, kila ukurasa kitambaa, hakina neno hata moja, ukurasa wa kwanza una chapati nzima ya kitambaa cha njano, ukurasa wa pili kuku amedonoa ukingo, wa tatu mbuzi amemega, wa nne jirani aliyekuja kuomba chumvi amejisahau akang'ata, na hivyo hivyo chapati inapungua, mpaka ukurasa wa mwisho, ulioshonwa kwa buibui kuukuu jeusi, ambapo kimebaki kipande chembamba kilichopinda, na hapo watoto wote, wa dini zote, husimama na kushangilia kwamba mwezi umeandama.

Baada ya kitabu ndipo kazi huanza, watoto huchora miduara mchangani kwa vidole, hufinyanga chapati za udongo wakazipanga kubwa hadi ndogo, hushindana kurusha chapati za boksi kwa sahani za plastiki, hukoroga unga kwa zamu, kisha ya kweli ikiiva huikunja kati wakapata nusu, wakaikunja tena wakapata robo, na robo ndiyo somo la hesabu lililopendwa kuliko yote katika tarafa hii, kwa sababu unalijibu kisha unalila. Lakini msidhani mwenye shughuli alikuwa akifurahi, yeye siku hiyo alikuwa akiteseka, jiko la mkaa lilikaa nyuma ya mstari wa chokaa ambao mtoto haruhusiwi kuuvuka, kando kuna ndoo ya maji na ndoo ya mchanga, na kikaango alikigeuza yeye peke yake, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine umenyooshwa kuzuia watoto waliokuwa mbali kabisa, akinong'ona, na kama, na kama, mpaka ya mwisho itoke.

Pamoja na kuogopa kote huko, lililompata hakuliogopa kabla. Jumatatu ya tarehe 6 Mei 2019, akitegemea kalenda iliyotundikwa ukutani, iliyosema mfungo ni Jumanne, alikuja na ndoo ya unga uliokwishakorogwa, asijue kwamba jana yake jioni baadhi ya nyumba zilikuwa zimepokea habari za mwezi ulioonekana nchi za nje na zimeamka zimefunga, wakati nyumba nyingine zinangoja mwezi wa hapa. Kati ya waliofunga alikuwamo Bwana Kassimu, muuza samaki wa sokoni, na binti yake Nuru, mwenye miaka mitano, aliyelia nyumbani mpaka akaruhusiwa kufunga kitoto, nusu siku, ili awe kama baba yake. Nuru akaja darasani, kitabu kikafunuliwa, harufu ikapanda, akapewa chapati, akaikunja nusu, akaikunja robo, akaila yote, na alipokuwa akilamba vidole ndipo akakumbuka. Alilia kilio ambacho darasa zima liliungana naye, wakalia wasiofunga, wakalia hata watoto wa wachungaji, kisha akatoka mbio kwenda kwao.

Mwalimu Raheli alimwaga maji jikoni, akafunika ndoo, na mchana kutwa hakuweza kukaa. Aliona wazi yatakayosemwa, kwamba mwalimu Mkristo kutoka bara amewalisha watoto wa Kiislamu mchana wa mfungo, aliona kesho mikeka ya darasa lake iko mitupu, aliona miaka yake kumi Mikindani imeungua kwenye kikaango kimoja. Alasiri akamchukua mumewe wakaenda kwa Bwana Kassimu, na njiani alisimama mara kwa mara akitaka warudi, na kama atatufukuza, na kama hatafungua, na Paulo akamjibu kwamba asipofungua itakuwa nafuu, watakuwa wamekwenda na hawakukemewa. Alifungua. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa, akatazama mkekani alikokuwa amelala binti yake kwa kuchoka kulia, akasema, "Mwalimu, aliyesahau akala, huyo kalishwa na Mungu, dini yetu ndivyo inavyotufundisha. Kaeni, futari iko karibu. Ila kalenda yako kaifungie vitumbua, mwakani siku hiyo utaniuliza mimi."

Ile ndoo ya unga ililetwa, zikapikwa chapati magharibi hiyo uani kwa Bwana Kassimu, wakaja majirani wa mwezi wa nje na wa mwezi wa hapa, na tangu hapo siku ya chapati ilipangwa kwa simu moja ya muuza samaki, aliyekuwa akiwauliza wa pande zote mbili kwanza. Mikeka haikuwa mitupu hata siku moja.

Mwezi Agosti 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, vipimo vikaonyesha moyo umetanuka, akatibiwa hapa na baadaye Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi darasani akifundisha ameketi, mpaka tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2026 alipozidiwa na kulazwa. Bwana Kassimu alikuwa ameshapiga simu, siku ya chapati ni Jumanne tarehe 17, mapema kuliko miaka yote, maana mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimepanga foleni mlango mmoja, na marehemu akiwa kitandani hakuulizia moyo wake, aliulizia kikaango, nani atakishika. Irene anajua kukoroga, lakini kugeuza alikuwa hajamfundisha mtu, kwa woga wa mafuta ya moto.

Ndipo akaanza kumfundisha mumewe, wodini, kwa sahani ya bati na chapati ya kitambaa aliyoibandua kwenye ukurasa wa kwanza, naye Paulo, aliyehudumia mizigo ya meli kwa miaka mingi bila kupoteza hata mmoja, alikipoteza kitambaa hicho chini ya kitanda, kwenye beseni, na safari moja begani kwa mgonjwa wa jirani, ambaye tunamshukuru kwa subira yake. Marehemu akamwuliza, "Paulo, na kama ikianguka mbele ya watoto?" Naye akajibu, "Ikianguka, mama Goodluck, nitasema ni ya kuku. Si hata kwenye kitabu chako kuku ndiye aliyeanza?" Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, na alipotulia akamshika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Watoto wasiambiwe siku imefutwa." Kitambaa akakishona tena mahali pake kwa mkono wake, mishono imepinda kidogo, na Jumamosi tarehe 14 Februari, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na mumewe na watoto wake wote wawili.

Ratiba ya mazishi iliangukia leo, Jumanne tarehe 17, na familia haitaficha kwamba jambo hili lilitugawa. Kaka yake mkubwa, mzee Eliya Tweve, alisema, na alikuwa na haki, kwamba kubandika kikaango cha sherehe uani penye msiba ni kumdharau marehemu, watu watasema tulifurahi, watoto watapikiwa siku nyingine. Ndipo Bwana Kassimu, aliyekuwa amekuja kutoa rambirambi, akaomba kusema. "Mzee wangu," akasema, "jioni ya leo sisi tunatazama mwezi, na ninyi kesho mnapakwa majivu. Si leo, basi ni mwakani, na mtoto wa awali mwakani si wa awali tena." Mzee Eliya akauliza mkaa unauzwa wapi.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wote waliomhudumia hapa Mtwara na Dar es Salaam, kwa mwalimu mkuu na walimu wenzake waliomshikia darasa, kwa uongozi wa kanisa, kwa wenzake Paulo wa bandarini, kwa majirani waliolala nasi, kwa Bwana Kassimu na nyumba yake, na kwa kila aliyetoa chochote, Mungu awarudishie pale mlipopunguza.

Tukitoka makaburini tutarudi hapa uani. Mstari wa chokaa umeshachorwa, ndoo ya maji ipo, ndoo ya mchanga ipo, unga aliukoroga Irene alfajiri, na Paulo tangu hapo ameshaufunua na kuufunika mpaka kifuniko kimechoka. Nuru, ambaye sasa yuko darasa la saba, atawafunulia wadogo zake kitabu, ukurasa kwa ukurasa, na nyote mliopo mnaombwa, ukifika ule mweusi wa mwisho, msimame pamoja na watoto. Shemeji Paulo, wewe geuza tu, na ikianguka mchangani hakuna atakayeuliza kitu, kuku wapo.

Mwalimu Raheli, binti wa Danieli, mlango tumeufunga, blanketi zako zipo, watoto wako wote wako upande huu wa mstari, tumewahesabu, na siku haikufutwa. Acha sasa kuuliza, mama, pumzika kwa amani.